Ufa Usiozibika

Ukutani juu ya meza ninayoandikia nimetundika kipande cha chuma ambacho wageni wengi hukidhania kuwa ni sahani iliyotobolewa. Ni bamba la duara, jembamba, lenye meno ukingoni na matundu katikati. Ukilisogeza dirishani na kuligeuza pole pole utaona mstari mwembamba kama unywele umetoka kwenye tundu moja la bolti, ukapinda hadi la pili, kisha la tatu. Mstari huo nusura unigharimu injini nzima.

Ilikuwa mwaka 2009. Gari langu, ambalo ni la otomatiki, lilianza kugonga kila nilipoliwasha. Fundi wa gereji ya kwanza alilisikiliza kwa dakika mbili akatoa hukumu: "Mzee, injini hii imekwisha. Beringi zimekula. Tafuta nyingine." Nikarudi nyumbani nikihesabu fedha nisizokuwa nazo. Siku ya tatu jirani akanipeleka kwa fundi mmoja wa makamo yangu, aliyekuwa akifanya kazi chini ya mwembe. Yeye alichukua bisibisi ndefu, akaweka ncha kwenye injini na mpini sikioni, akahama nayo kutoka mbele kwenda nyuma, kama daktari asikilizavyo kifua. Mwisho akatabasamu. "Mzee mwenzangu," akasema, "injini haina ugonjwa, na giaboksi haina ugonjwa. Anayelia ni huyu wa katikati."

Huyo wa katikati mafundi humwita fleksipleti. Ni bamba linalofungwa nyuma ya krankshafti ya injini, na upande wa pili likafungwa kwenye konveta ya giaboksi, lile pipa la oili linalopokea nguvu za injini na kuzipeleka kwenye gia. Meno yaliyoko ukingoni ni ya kushikwa na stata. Bamba limefanywa jembamba kwa makusudi. Konveta inapopata moto na shinikizo la oili hutuna kidogo na kusogea mbele na nyuma; bamba nalo halina budi kunepa pamoja nayo, huku likizungusha mzigo wote bila kuteleza. Kwa hiyo limepewa kazi mbili zisizofanana: liwe gumu katika kuzungusha, na liwe laini katika kunepa.

Tangu siku ile nikawa nasoma kila nililolipata juu ya kipande hicho, na kusoma huko kukanifikisha mahali ambapo sikutarajia: kwa watu wa Marekani wanaojitengenezea ndege katika mabanda ya nyumbani kwao, na kuziendesha kwa injini za rotari zilizotolewa kwenye magari. Wao pia walikuwa wakikuta nyufa katika mabamba yao. Tofauti ni kwamba bamba langu lilipokatika niliegesha gari kando ya barabara. Bamba la rubani likikatika, injini hupiga kelele bure na rafadha, au pangaboi kama tulivyozoea kuiita, hubaki bila wa kuizungusha.

Ili kuelewa kwa nini chuma kipasuke hivyo, hatuna budi kurudi nyuma kidogo.

Kila mtoto aliyewahi kutengeneza gari la waya anajua siri ambayo wahandisi walichelewa kuikubali. Ukikosa koleo ya kukatia, unaukunja waya huku na huku mahali pamoja, mara kumi, mara ishirini, nao unakatika wenyewe. Hukuushinda kwa nguvu, umeushinda kwa kurudia. Lakini waya huo unaonekana ukikunjika. Chuma cha injini hurudiwa kwa mikunjo midogo isiyoonekana kwa jicho, nacho huonekana kizima mpaka saa ya mwisho.

Tarehe 8 Mei 1842, treni iliyokuwa ikirudi Paris kutoka kwenye sherehe za Versailles ilianguka karibu na Meudon baada ya ekseli ya injini ya mbele kukatika. Mabehewa yalipandana na kushika moto, na milango yake ilikuwa imefungwa kwa ufunguo kama ilivyokuwa desturi. Watu zaidi ya 50 walikufa, miongoni mwao Jules Dumont d'Urville, baharia aliyekuwa amezunguka dunia na kufika hata pwani ya barafu ya kusini. Ekseli ile haikuwa imezidishiwa mzigo siku hiyo. Ilifanya kazi ileile iliyofanya jana na juzi.

Wengi wa wakati ule waliamini kuwa chuma kikizunguka sana hubadilika tabia ndani yake, kikawa kama chumvi ya mawe. Mwaka 1843 kijana wa Kiskoti, William Rankine, alipinga. Alionyesha kuwa ekseli zilizokatika zilianza kupasuka kidogo kidogo kutoka nje kwenda ndani, na kwamba ufa ulianzia pale ambapo unene wa ekseli ulibadilika ghafula, penye kona kali. Ushauri wake ulikuwa rahisi: zungusheni kona hizo, zisiwe kali. Baada yake Mjerumani August Wöhler, aliyekuwa akitumikia reli za Prussia, alitumia miaka mingi akizungusha vipande vya ekseli chini ya mzigo na kuhesabu mizunguko, mpaka mamilioni. Kufikia mwaka 1870 alikuwa amethibitisha kwamba chuma huweza kuvunjwa na mzigo ulio mdogo sana kuliko ule wa kukivunja mara moja, mradi urudiwe vya kutosha. Na kwamba ukishuka chini ya kiwango fulani, chuma cha ekseli huvumilia mamilioni ya mizunguko bila kuvunjika. Ugonjwa huo tunauita uchovu wa metali. Jina hilo lina kasoro moja: mtu aliyechoka hulala akaamka na nguvu, lakini chuma hakina usingizi wa kukiponya.

Sasa tuje kwenye ndege. Ndege ya kwanza ya injini iliyofanikiwa kuruka ilikuwa nayo ni ya kujitengenezea. Wilbur na Orville Wright walikuwa wenye duka la baiskeli huko Dayton, Ohio. Injini yao ilikuwa na nguvu za farasi wapatao 12, nayo ilizungusha rafadha mbili kwa minyororo iliyofanana na ya baiskeli. Walipofika Kitty Hawk katika vuli ya mwaka 1903 wakaanza kuijaribu injini kabla ya kuruka, na tatizo la kwanza halikuwa mabawa wala usukani. Lilikuwa shafti za rafadha. Tarehe 5 Novemba injini ilikwenda kwa kushtukashtuka, ikazing'oa. Zikarudishwa Dayton, zikaimarishwa, zikaletwa tena tarehe 20. Mara gia za minyororo zikawa zinalegea kila injini inapowashwa, wakazibana kwa gundi ya tairi za baiskeli. Tarehe 28 wakakuta ufa katika shafti moja.

Fikiri, ndugu msomaji, hali yao ilivyokuwa. Baridi imeingia. Profesa Samuel Langley wa Washington, mwenye fedha za serikali na injini yenye nguvu mara nne ya ile yao, anajiandaa kuruka wakati wowote. Wenye haraka wangelifunga kipande cha bati juu ya ufa na kubahatisha. Orville alipanda treni akarudi Dayton kutengeneza shafti mpya. Akiwa huko, tarehe 8 Desemba, ndege ya Langley ilitumbukia katika mto Potomac. Orville alirejea Kitty Hawk tarehe 11, na tarehe 17 Desemba akaruka kwa sekunde 12.

Jambo ambalo limenikaa kichwani ni aina ya shafti alizorudi nazo. Zile za kwanza zilikuwa mabomba makubwa ya chuma, na baadaye Orville mwenyewe alieleza kuwa zilikuwa na nguvu mara nyingi zaidi ya zile zilizohitajika, lau injini ingesukuma sawasawa. Shafti mpya zilikuwa za chuma kitupu kisicho na uwazi ndani, lakini nyembamba zaidi. Mabomba yalipasuka kwa kuwa hayakuwa na unyumbufu wa kupokea mishtuko ya injini. Nyembamba zilijisokota kidogo kila injini iliposhtuka, zikajinyosha, zikaendelea na kazi. Kwa hiyo jawabu halikuwa kuongeza unene.

Wahenga walisema wapiganapo fahali wawili ziumiazo nyasi. Injini ni fahali mmoja. Haisukumi mfululizo kama maji ya mto, bali kwa vishindo, kila moto unapowaka ndani yake. Rafadha ni fahali wa pili: nzito, pana, ikishazunguka haitaki kuongezewa mwendo wala kupunguziwa. Injini inavuta, rafadha inakataa; injini inalegea, rafadha inaendelea. Nyasi ni chochote kilichoko katikati yao.

Tena kuna hatari nyingine juu ya hiyo. Mtoto akiwa kwenye pembea, huhitaji nguvu nyingi kumrusha juu. Unahitaji kumsukuma kwa wakati wake, kila anaporudi. Injini, shafti na rafadha vikiunganishwa huwa na wakati wao wa kujisokota na kujisokotoa, kama pembea. Vishindo vya injini vikiangukia wakati huohuo, msokoto hukua na kukua mpaka kitu kikatike. Katika miaka ya 1930 tatizo hilo lilivisumbua hata viwanda vikubwa vyenye wataalamu wengi, na kampuni ya Wright Aeronautical ikafikia kutia vipande vizito vinavyoning'inia kwenye krankshafti ili viyumbe kinyume na vishindo na kuvituliza.

Sasa injini ya rotari. Sizungumzii zile za Vita Kuu ya Kwanza ambazo silinda zake zilizunguka pamoja na rafadha, bali ile iliyobuniwa na Mjerumani Felix Wankel na kuwaka kwa mara ya kwanza katika kiwanda cha NSU mwaka 1957. Haina pistoni za kupanda na kushuka, wala valvu. Ndani yake rota yenye umbo la pembetatu yenye mbavu zilizotuna huzunguka katika chumba kilichobanwa kidogo kiunoni. Kampuni ya Mazda ya Hiroshima ilichukua ubunifu huo kwa mkataba wa mwaka 1961, ikatoa gari la Cosmo Sport mwaka 1967, kisha RX-7 kuanzia mwaka 1978 hadi 2002, na mwaka 1991 ikashinda mbio za saa 24 za Le Mans kwa injini ya namna hiyo.

Wajenzi wa ndege waliipenda. Chama chao kikubwa, Experimental Aircraft Association, kilianzishwa katika jimbo la Wisconsin mwaka 1953, na tangu mwaka 1970 mkutano wao wa kila mwaka umekuwa ukifanyika Oshkosh, katika jimbo hilohilo. Ni waalimu, mafundi, wakulima, wastaafu. Sheria inawataka wafanye sehemu kubwa ya kazi kwa mikono yao. Kwa watu hao injini mpya ya ndege ni ghali mno, ilhali injini ya Mazda yenye rota mbili ilipatikana kwenye magari yaliyotupwa. Ilikuwa ndogo, nyepesi kwa nguvu zake, yenye vitu vichache vinavyocheza ndani, na ya kusifika kwa ulaini wa mwendo.

Lakini injini hiyo hutoa nguvu zake nzuri ikizunguka kama mara 6,000 kwa dakika, na rafadha haitaki mwendo huo. Yataka chini ya nusu yake. Kwa hiyo ni lazima kuwe na giaboksi ya kupunguza mwendo. Na ili kuunganisha giaboksi hiyo na injini, wajenzi wengi walichukua kilichokuwa karibu: fleksipleti ya gari la otomatiki, iliyofungwa kwenye uzito wa mizani ulioko nyuma ya shafti ya injini. Bamba limeshatengenezwa, lina meno ya stata, ni jepesi. Kwa nini lisitumike?

Linatumika, na mengi yametumika vizuri. Lakini bamba hilo lilizaliwa likae jirani na pipa la oili. Ndani ya konveta injini na gia hazishikani chuma kwa chuma. Oili inayozunguka ndiyo inayopokea vishindo na kuvipooza. Katika ndege oili haipo. Mahali pake pamewekwa springi au raba, na nyuma yake gia na rafadha nzito. Bamba limehamishwa mtaa, na majirani wake wapya si wapole.

Katika mtaa huo mpya sababu za ufa ni kadha wa kadha. Ya kwanza ni kutonyooka. Kama kitovu cha giaboksi hakikukaa sawasawa na kitovu cha shafti ya injini, au uso wa giaboksi umeinama hata kwa kiasi cha unene wa karatasi, bamba halina budi kunepa huku na huku katika kila mzunguko mmoja. Hebu tupige hesabu. Mizunguko 6,000 kwa dakika ni 360,000 kwa saa. Katika saa 28 za kuruka bamba limekunjwa zaidi ya mara milioni kumi. Vipimo ambavyo Wöhler alivikalia kwa miaka, rubani wa Jumamosi anavimaliza katika msimu mmoja, naye hana habari.

Sababu ya pili ni kulivuta bamba. Fundi akikuta nafasi ndogo kati ya bamba na kinachofungwa nalo, akakaza bolti mpaka nafasi ife, bamba huwa limepindwa kama sahani kabla injini haijawaka, na kila kishindo huja juu ya mzigo uliokwisha kuwapo. Ya tatu ni bolti zenyewe. Zikilegea, nguvu haipiti tena kwa kubanana, bali kila bolti hugonga ukingo wa tundu lake. Tundu lililotobolewa na kuachwa na kingo kali, washa yenye ukingo unaouma, mkwaruzo wa patasi, kidonda cha kutu: hizo zote ni zile kona kali alizozionya Rankine mwaka 1843. Ya nne ni msokoto wa pembea niliouelezea, ambao hudhuru hasa pale injini inapowashwa, inapozimwa, au inapoachwa iende katika mwendo mmoja mbaya. Hapo sifa ya ulaini wa rotari humdanganya mtu. Rota mbili hupiga vishindo viwili kwa kila mzunguko wa shafti, na ingawa ni vishindo laini, pembea haiulizi ukubwa wa msukumo. Yauliza wakati wake.

Bamba lililovunjika huandika habari zake lenyewe. Uso wa mpasuko ukitazamwa kwa kioo cha kukuzia huonyesha mistari iliyopindana, kama ile ambayo maji huiacha mchangani yakipwa. Kila mstari ni hatua moja ya ufa. Palipo laini ni pa zamani. Palipo na mikwaruzo ni pale palipokatika mwisho kwa ghafula. Na mara nyingi mahali penyewe ni shahidi: ufa unaozunguka kandokando ya bolti za shafti huelekeza kidole kwenye kunepa, na matundu yaliyorefuka kama yai huelekeza kidole kwenye kulegea.

Mjenzi anayekuta bamba lake limepasuka hujiwa kwanza na wazo la kuweka nene zaidi. Nami ningefanya hivyo. Lakini kama kosa ni kutonyooka, giaboksi haitaki kujua bamba lina unene gani. Italikunja kwa kiasi kilekile. Na kitu kinene kikikunjwa kiasi kilekile huumia zaidi ya chembamba, kama kijiti kikavu na ukuti. Hata likiokoka, mzigo wake utaangukia beringi. Tiba ya kweli ni ya subira: kupima kwa saa ya kupimia mpaka vitovu vikutane, kulainisha kingo za matundu kwa tupa na msasa, kuweka chini ya vichwa vya bolti pete pana yenye ukingo wa mviringo, kukaza kwa kipimo, na kuweka kiungo laini cha springi au raba ili wakati wa pembea ushuke chini ya mwendo ambao injini huutumia. Baada ya hapo, kufungua na kutazama, tena na tena. Ndicho walichofanya akina Wright katika banda lao la mbao: waliwasha, wakazima, wakatazama, wakakuta.

Husemwa kwetu kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Waliotunga methali hiyo walikuwa na nyumba za udongo, na ufa wa udongo huzibika. Ufa wa chuma kilichochoka hauzibiki. Ukiuchomelea, joto la weldingi hulegeza chuma cha kandokando, na ufa mpya huanza jirani na kovu. Bamba lililopasuka hutupwa, na lililosababisha lipasuke hutafutwa. Ukiweka jipya bila kutafuta, umeanza tu kuhesabu upya.

Yule fundi wa chini ya mwembe hakuwa amesoma habari za Wöhler. Lakini alipoliondoa bamba langu hakufunga jipya siku ile. Alikaa nusu saa akipapasa kwa ncha za vidole mahali giaboksi inapokutana na injini, mpaka akagundua kuwa pini moja ya kulinganishia haikuwapo; aliyefungua giaboksi kabla yake aliiangusha, au aliidharau. Akatafuta pini ya kufanana nayo katika kopo lake la maziwa lililojaa vyuma, akaipachika, ndipo akafunga. Alinitoza fedha kidogo kuliko nauli ya kwenda kununua injini nyingine.

Nilipomwomba anipe lile bamba bovu alicheka. "La nini, mzee mwenzangu? Halina kazi." Nikamwambia nitalitundika. Sasa kila ninapotaka kumlaumu aliyevunjika, mtu au kitu, hulitazama kwanza, nikajiuliza alikuwa amekaa katikati ya akina nani.